Ekseli Haikatiki Hivi Hivi: Kuchagua na Kuimarisha Ekseli za Gari la Zamani la Njia Mbovu

Mtu akisema gari lake "limekata ekseli", huenda anamaanisha mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana. Pengine shafti inayozungusha gurudumu moja imekatika, pengine gia zilizomo ndani ya difu zimevunjika meno, au pengine bomba zima linalobeba uzito wa gari limepinda. Kila jambo lina dawa yake na gharama yake, lakini kwa kuwa jina ni moja, wenye magari ya zamani hupewa ushauri mmoja: tafuta ekseli kubwa zaidi, ng'oa hiyo, funga nyingine. Mara chache ushauri huo ni sahihi. Mara nyingi, kwa maoni yangu, ni kung'oa taya kwa sababu ya jino moja bovu.

Tuanze na majina. Ekseli ya kipande kimoja, ile inayopatikana katika magari mengi ya zamani ya njia mbovu, ni bomba la chuma linalotoka gurudumu hadi gurudumu, likiwa na tumbo linaloitwa difu. Ndani ya tumbo hilo mna gia mbili kuu: pinioni, ambayo ni ndogo na inazungushwa na propela shafti kutoka kwenye giaboksi, na krauni, ambayo ni kubwa na huupokea mzunguko huo, ikaugeuzia upande na kuupunguza kasi huku ikiuongezea nguvu. Ndani ya krauni mna gia nyingine ndogo zinazoruhusu gurudumu la nje ya kona kuzunguka zaidi kuliko la ndani. Kutoka hapo hutoka vyuma viwili virefu, hafushafti, ambavyo ncha zake zimechongwa meno yanayoitwa splaini, na hivyo ndivyo vinavyofikisha nguvu kwenye habu za magurudumu. Ekseli ya mbele ina kitu cha ziada, yaani kiungo kinachoruhusu shafti kuendelea kuzunguka hata gurudumu likiwa limekatwa kona. Kiungo hicho huwa ni krosi au sivi jointi. Katika makala haya, ekseli ni kitu kizima, na hafushafti ni vile vyuma viwili vya ndani.

Tofauti ya pili ambayo lazima ieleweke mapema ni ya namna gurudumu linavyobebwa. Fikiria mtu aliyetwishwa gunia begani kisha akaambiwa asukume na mkokoteni. Halafu fikiria mwingine ambaye gunia limewekwa juu ya mkokoteni wenyewe, naye kazi yake ni kusukuma tu. Katika ekseli za aina ya kwanza, hafushafti hubeba uzito wa gari na wakati huohuo huzungusha gurudumu. Katika aina ya pili, uzito hubebwa na habu inayokaa juu ya beringi mbili kwenye ncha ya bomba, na hafushafti hufanya kazi ya kuzungusha peke yake. Aina hii ya pili hutambulika kwa macho: katikati ya gurudumu hutokeza kichwa cha duara chenye bolti zake, na ukizifungua unaweza kuichomoa hafushafti bila hata kuondoa gurudumu.

Faida yake huonekana siku ya tatizo. Hafushafti ya nyuma ikikatika katika ekseli ya aina ya pili, gurudumu hubaki mahali pake, unatoa vipande, unafunga kichwa, na gari linarudi polepole kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Ikikatika katika baadhi ya ekseli za aina ya kwanza, hasa zile ambazo hafushafti hushikiliwa ndani ya difu kwa klipu ndogo yenye umbo la herufi C, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande cha shafti.

Kwa nini basi ekseli iliyodumu miaka thelathini ianze kuvunjika leo? Jibu kwa kawaida ni tairi. Ekseli iliundwa kwa ajili ya tairi la ukubwa fulani, injini ya nguvu fulani na uzito fulani wa gari, na mwenye gari akabadilisha kimoja au vyote vitatu. Chukua injini yenye nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 200. Gia ya kwanza ikizidisha mara 4, gia nzito ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) ikazidisha mara 2.5, na difu ikazidisha mara 4.1, nguvu inayoweza kutokea upande wa magurudumu ni nyutoni-mita 8,200 kabla ya kuondoa kinachopotea kwa msuguano. Kiasi hicho chote hakimfikii mtu yeyote kwenye tope, kwa sababu tairi huteleza kabla. Kinachoamua mzigo halisi wa hafushafti ni mshiko wa tairi ukizidishwa kwa nusu ya kipenyo chake. Tairi ni wenzo: likirefuka, chuma kilicho katikati hupindwa kwa nguvu zaidi. Kutoka tairi la inchi 29 kwenda la inchi 33 umeongeza urefu wa wenzo huo kwa karibu asilimia 14, na bado hujahesabu uzito wa tairi lenyewe, wala ule mpigo wa ghafla pale gurudumu linapozunguka ovyo hewani kisha likatua juu ya mwamba na kushika. Mpigo huo ndio unaokata vyuma vingi, kuliko mwendo wa polepole wenye mzigo mzito.

Hapa ni vyema kuondoa dhana moja iliyoenea sana. Wengi huamini kwamba springi ndefu huinua gari lote kutoka ardhini. Springi huinua bodi tu. Tumbo la difu hubaki palepale lilipokuwa, kwa sababu ekseli hukaa kwenye magurudumu na si kwenye springi. Kitu pekee cha kawaida kinachoinua ekseli ni tairi kubwa, nalo huinua kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi la inchi 33 badala ya 29 linakupa inchi 2, yaani takriban sentimita 5. Ndiyo maana watu hukimbilia matairi makubwa, na ndiyo maana ekseli huanza kulalamika baada ya hapo.

Kabla ya nguvu za chuma kuna suala la uwiano wa gia, ambalo wengi hulichanganya na nguvu. Ukihesabu meno ya krauni ukapata 41, na ya pinioni ukapata 10, uwiano ni 4.10: propela shafti huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Huhitaji kufungua difu ili kujua. Kama difu ni ya kawaida, yaani inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka tofauti, zuia vizuri magurudumu ya ekseli nyingine, weka transfa kwenye nyutro, achia breki ya mkono, inua gurudumu moja tu la ekseli unayoipima huku mwenzake akiwa amekaa ardhini, kisha zungusha lile lililoinuliwa mara mbili kamili na uhesabu mizunguko ya propela shafti. Idadi hiyo ndiyo uwiano wako. Ni mara mbili na si mara moja kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu hulipa gurudumu linalozunguka mwendo wa wote wawili.

Gari lenye uwiano wa 4.10 likitoka tairi la inchi 29 kwenda la 33 huwa linaendeshwa kana kwamba lina uwiano wa takriban 3.60. Injini inakuwa nzito kuondoka, klachi inaumia, na kipimamwendo kinaonyesha kilomita 100 kwa saa wakati gari liko karibu na 114. Ili kurudi ulipokuwa ungehitaji uwiano wa karibu 4.67, na kwa kuwa gia huuzwa kwa uwiano maalum, utachagua ulio jirani, kama 4.56 au 4.88. Mbele na nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, siku utakapounganisha magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu, ekseli mbili zitavutana hadi kitu kimoja kishindwe. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba, ndani ya krauni yenye kipenyo kilekile, uwiano ukiongezeka pinioni hupungua ukubwa, na meno machache zaidi hugawana kazi. Gari linakuwa jepesi kuondoka, lakini pinioni inakuwa dhaifu.

Hilo linatuleta kwenye kiini cha jambo lote. Kuvunjika hakuondolewi, kunahamishwa. Nguvu inayotoka kwenye injini hupita katika mnyororo wa vyuma, na ukiimarisha pingu moja, itakayokatika ni inayofuata kwa udhaifu. Umeme wa nyumbani una fyuzi kwa makusudi, ili kiungue kitu kidogo kinachofikika badala ya nyaya zilizo ukutani. Wenye Land Rover za zamani, ambazo hafushafti zake zilikuwa na splaini 10 tu na zilijulikana kwa kukatika, walizoea kusafiri na hafushafti za akiba. Wapo wanaowacheka kwa hilo. Mimi naona walikuwa na fyuzi nzuri: chuma cha nje, kinachochomolewa kwa spana moja kando ya njia. Anayeweka hafushafti ngumu kupindukia huku difu ikiwa ileile ndogo amehamisha fyuzi kutoka mahali panapofikika hadi ndani ya tumbo la difu, ambako ukarabati wake unahitaji karakana na vipimo. Swali la kwanza la kuuliza, basi, ni hili: ikibidi kitu kivunjike, ungependa kivunjike wapi?

Hata hivyo, ipo hali ambamo hafushafti bora ni jibu sahihi. Nguvu ya chuma cha duara dhidi ya kusokotwa huongezeka kwa mchemraba wa kipenyo chake. Unene ukizidi kwa asilimia 10, nguvu huzidi kwa takriban asilimia 33. Shafti ya milimita 33 ina uwezo wa karibu mara 1.6 ya ile ya milimita 28, chuma kikiwa cha aina moja. Ndiyo sababu idadi ya splaini hutajwa sana madukani: splaini nyingi kwa kawaida huambatana na shafti nene. Chuma chenye mchanganyiko wa kromiamu na molibdenamu huongeza uwezo bila kuongeza unene, lakini anayekwambia kwamba shafti ya aina hiyo haikatiki anakuuzia ndoto.

Sasa tuje kwenye ekseli kubwa zenyewe. Majina yanayosikika mara kwa mara ni ya familia ya Dana, ambayo ilifungwa kwenye Jeep na malori madogo mengi ya Marekani. Dana 30 ina krauni ya takriban inchi 7.2, Dana 44 ina inchi 8.5, na Dana 60 ina inchi 9.75. Ekseli ya Salisbury iliyowekwa nyuma ya Land Rover ndefu ni ndugu wa karibu wa Dana 60, na kwa wenye Land Rover fupi huwa ndiyo ndoto. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80 ina krauni ya inchi 9.5 nyuma, na Nissan Patrol nyingi zina ya milimita 233. Ford ilitengeneza difu maarufu ya inchi 9 kuanzia 1957 hadi 1986, ambayo moyo wake wote hutolewa kwa mbele kama droo, jambo linalorahisisha ukarabati. Baadaye ikaja ya inchi 8.8, ile iliyotoka kwenye Ford Explorer za 1995 hadi 2001 ina splaini 31 na breki za diski, na nafasi za bolti za gurudumu lake, tano kwa milimita 114.3, zinalingana na za Jeep Wrangler za 1987 hadi 2006. Ulinganifu huo mdogo ndio uliofanya ipendwe sana, kuliko hata nguvu zake.

Usichague kwa kipenyo cha krauni peke yake. Ekseli ya nyuma ya Jeep CJ-7, inayojulikana kama AMC 20, ina krauni ya inchi 8.875, kubwa kuliko ya Dana 44, lakini haina sifa nzuri kama ya Dana 44. Tatizo lake haliko kwenye krauni. Habu yake si sehemu ya hafushafti bali imeshikiliwa na nati na ufunguo mdogo wa chuma, na mabomba yake huweza kujizungusha ndani ya tumbo la difu. Mwenye CJ-7 anayechomelea mabomba hayo vizuri na kuweka hafushafti za kipande kimoja amepata ekseli ya kuheshimika bila kung'oa chochote. Anayeshauriwa kuitupa kwa sababu "AMC 20 ni mbovu" anapewa nusu ya habari.

Upande wa mbele una mtego wake. Meno ya krauni yana sura mbili: moja imeundwa kusukuma, nyingine ni ya gari linapopunguza mwendo, na hii ya pili ni dhaifu. Difu iliyoundwa kwa ajili ya nyuma ikigeuzwa ikafungwa mbele, gari likienda mbele husukuma kwa sura dhaifu. Ndiyo maana zipo difu za mbele zilizochongwa kinyume, ambazo pinioni yake huingia juu ya kitovu cha krauni badala ya chini. Hizi husukuma kwa sura imara, na pia huiweka propela shafti mbali na mawe.

Ukubwa nao una kodi yake. Kutoka krauni ya inchi 7.2 kwenda ya 9.75, nusu kipenyo kimeongezeka kwa zaidi kidogo ya inchi moja, yaani kama sentimita 3, na tumbo la difu hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Zile sentimita 5 ulizonunua kwa matairi makubwa zimebaki kama 2. Ongeza uzito, ambao wote umekaa chini ya springi na kuzifanya zichelewe kufuata barabara. Waliotaka kuukwepa mtego huu kabisa walitumia ekseli zenye gia kwenye habu, kama za Unimog na Volvo C303, ambazo huliinua bomba juu ya kitovu cha gurudumu na kuzipunguzia hafushafti mzigo. Ni uhandisi wa kupendeza, lakini kuzihamishia kwenye gari jingine ni kazi ya kuunda gari upya.

Difu loki inastahili neno lake. Difu ya kawaida hufanya kazi kama mizani: huyapa magurudumu mawili nguvu sawa siku zote, kwa hiyo moja likiwa hewani halihitaji nguvu yoyote, na mwenzake naye hapati. Kuifunga difu huyalazimisha yote mawili kuzunguka pamoja. Wanaosema difu loki hukata hafushafti hawakosei kabisa, kwa sababu gurudumu moja lenye mshiko sasa linaweza kupokea mzigo wote. Lakini wanasahau kwamba dereva mwenye difu loki hupita polepole mahali ambapo mwenzake angekimbiza gari na kurukaruka, na tumeona kwamba mpigo wa ghafla ndio muuaji. Kama fedha zinatosha jambo moja tu, mimi ningefunga difu loki ya nyuma, ya kuwasha na kuzima, kabla ya kufikiria kubadilisha ekseli. Kuchomelea gia za ndani ya difu ili zisizunguke ni njia ya bei nafuu inayolifanya gari liwe gumu na la hatari kwenye barabara ya lami.

Ukiamua kubadilisha ekseli nzima, pima kabla ya kununua. Pima upana kutoka uso wa habu hadi uso wa habu. Linganisha nafasi za bolti, kwani Land Rover za zamani hutumia tano kwa milimita 165.1 na Patrol sita kwa 139.7. Angalia tumbo la difu liko upande gani, kwa sababu la mbele lazima lielekeane na mdomo wa transfa. Niliwahi kubeba ekseli nzito hadi nyumbani ndipo nikaona tumbo lake liko kushoto na transfa yangu inatolea kulia. Angalia vikalio vya springi, mwinamo wa pinioni dhidi ya propela shafti, na kwa mbele, mwinamo unaofanya usukani urudi wenyewe. Ekseli yenye breki za diski ikifungwa kwenye gari lililokuwa na breki za drama, pampu kuu ya breki huenda isitoe mafuta ya kutosha, na vali iliyowekwa kuzuia shinikizo lisiishe kwenye drama itazifanya diski zikwaruze muda wote. Katika nchi nyingi mabadiliko ya namna hii yanahitaji kukaguliwa na kutangazwa kwa bima.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha ekseli uliyonayo ni dhaifu kweli na si mgonjwa tu. Ekseli iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja. Tundu lake la kupumulia likiwa limeziba kwa matope, ekseli hunyonya maji kupitia oili sili. Oili ikawa nyeupe kama maziwa, beringi zikala kutu, krauni ikaanza kulia, na lawama zikaenda kwa mtengenezaji. Dawa yake ni mpira mrefu unaopandisha tundu hilo hadi juu ya bodi. Chomoa hafushafti uangalie splaini: zikiwa zimesokotwa kama kamba, chuma kimeshaanza kushindwa na hakitakuonya tena. Ukiweka shafti mpya, ichore mstari mmoja wa rangi kutoka ncha hadi ncha. Mstari ukipinda, umejua mapema.

Gia mpya nazo huhitaji subira. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na fundi mzuri hupaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi kabla ya kufunga. Safari za kwanza ziwe fupi, zenye mapumziko ya kupoza difu, bila kuvuta tela wala kupanda miamba kwa takriban kilomita 800, kisha oili ya mwanzo imwagwe pamoja na vumbi la chuma lililomo. Na siku hafushafti ikikatika porini, usiridhike kwa kutoa kipande cha nje na kuingiza kipya. Kile cha ndani kimebaki ndani ya bomba, na huenda kuna vijipande vilivyodondokea kwenye difu. Vitoe kwa sumaku au fimbo ndefu, na difu ioshwe kabla ya kurudia mwendo wa kawaida, kwa kuwa kijipande kimoja kikipita kati ya pinioni na krauni kitageuza kazi ya nusu saa kuwa ya wiki nzima.